Benki ya Ardhi Oevu na Mwambao wa Tanga

Benki ya fidia ya ardhi oevu ni eneo la kinamasi, mikoko, bwawa au uwanda wa mafuriko lililorejeshwa au kuboreshwa kwa makusudi, ili faida yake kwa mazingira ipimwe na kuuzwa. Kinachouzwa si ardhi yenyewe. Mnunuzi hapati shamba wala kiwanja, na hana haki ya kukata mti hata mmoja. Anachonunua ni krediti, yaani kipimo kilichothibitishwa na mamlaka ya serikali kwamba ardhi oevu ya kiasi fulani, inayofanya kazi fulani, imeongezeka mahali fulani. Kwa krediti hiyo mwenye mradi wa barabara, bandari, kiwanda au makazi hutimiza sharti la kibali chake: kile atakachokifukia au kukikausha kilipwe kwa ardhi oevu nyingine.

Kinachoitofautisha benki na fidia ya kawaida ni wakati. Katika fidia ya kawaida, mwenye mradi huharibu leo na kuahidi kuotesha kesho. Mradi ukishakamilika, mkandarasi ameondoka, bajeti imefungwa, na miche iliyopandwa siku ya uzinduzi haina tena mwenyewe. Benki hugeuza mpangilio huo. Kazi ya kurejesha hutangulia, hukaguliwa, na krediti huuzwa kadiri matokeo yanavyoonekana. Palipo na benki ya kweli, ardhi mpya huwa imeshaanza kufanya kazi kabla tingatinga halijafika kwenye ile ya zamani.

Utaratibu huu ulizaliwa Marekani, nchi iliyoharibu sana kabla ya kushtuka. Katika majimbo yake 48 yanayopakana, zaidi ya nusu ya ardhi oevu iliyokuwapo miaka ya 1780 ilikuwa imetoweka kufikia miaka ya 1980, nyingi ikiwa imekaushwa kwa kilimo. Kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi ya 1972 kilikataza kumwaga kifusi au udongo wa kuchimbwa kwenye maji yanayolindwa bila kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Katika kampeni ya urais ya 1988, George H. W. Bush aliahidi kwamba jumla ya ardhi oevu ya nchi haitapungua tena, na ahadi hiyo ikawa sera. Mwaka 1990 Kikosi cha Wahandisi na Shirika la Ulinzi wa Mazingira walitiliana saini makubaliano ya namna ya kuitekeleza, mwaka 1995 ukatoka mwongozo wa benki, na mwaka 2008 ikatungwa kanuni inayozipa krediti za benki kipaumbele. Baada yake hufuata mifuko inayokusanya malipo kwa ajili ya kazi ya baadaye, na mwisho kabisa fidia inayofanywa na mwenye mradi mwenyewe.

Makubaliano ya 1990 yaliweka ngazi ambayo hadi leo ndiyo msingi wa fidia popote inapotumika. Kwanza, epuka: hamisha njia ya bomba, sogeza gati, chagua kiwanja kikavu. Pili, punguza: fanya daraja badala ya tuta, zuia tope wakati wa kuchimba, jenga majira ambayo samaki hawazalii. Kinachobaki baada ya hatua hizo mbili ndicho hulipiwa fidia. Ngazi hii hupinduliwa mara kwa mara, na hatari kubwa kuliko zote katika mfumo wa benki inaanzia hapo. Krediti ikiwa rahisi kununua, swali la kwanza la mhandisi huacha kuwa “tunaweza kuepuka?” na huwa “tutalipa kiasi gani?” Mamlaka inayotoa kibali kabla ya kulijibu swali la kwanza imeshaiuza ardhi oevu, hata kama malipo yatafuata taratibu zote.

Kiutendaji, benki huanza na kutafuta ardhi iliyoharibika. Mwenye benki, awe kampuni, halmashauri au shirika la uhifadhi, hupima hali ya mwanzo: maji yanafika wapi na kwa siku ngapi kwa mwaka, udongo ni wa aina gani, mimea ipi imebaki. Mpango wake hupitiwa na timu ya wakaguzi kutoka taasisi kadhaa za serikali. Ukikubaliwa, ardhi huwekewa zuio la kudumu la kisheria ili isije ikauzwa viwanja mmiliki akibadilika. Mwenye benki huweka dhamana ya fedha itakayotumika kazi ikishindikana, na huanzisha mfuko wa kulipia ulinzi na matunzo baada ya krediti zote kuuzwa. Krediti zenyewe hutolewa kwa mafungu. Fungu dogo hutoka zuio na dhamana zinapokamilika, lingine maji yanaporudi, na sehemu kubwa hungoja mimea na wanyama wafikie vigezo vilivyoandikwa. Kanuni ya 2008 inataka ufuatiliaji usiopungua miaka 5, na kwa misitu muda huo huwa mrefu zaidi.

Mwenye mradi akishanunua krediti, wajibu wote wa kisheria wa fidia huhamia kwa benki, ndiyo maana wawekezaji huupenda utaratibu huu. Wakaguzi nao hupata nafuu, kwa kuwa hukagua eneo moja kubwa badala ya mamia ya vidimbwi vilivyochimbwa nyuma ya maduka na maegesho ya magari. Lakini palipo na dhamana ndogo au mkaguzi dhaifu, wajibu uliohama huwa umepotea.

Idadi ya krediti haitokani na ukubwa wa eneo peke yake. Hekta ya mikoko iliyokomaa hailingani na hekta ya miche ya miaka miwili, kwa hiyo wakaguzi hudai uwiano: hekta 2, 3 au zaidi zirejeshwe kwa kila moja inayopotea, kutegemea muda wa kungoja na uwezekano wa kushindwa. Kila benki pia hupewa eneo la huduma, kwa kawaida bonde la mto mmoja au sehemu yake, na krediti zake haziwezi kufidia madhara yaliyotokea nje ya mipaka hiyo.

Matokeo ya zaidi ya miaka 30 yamechanganyika. Mwaka 2001 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilihitimisha kwamba lengo la kutopungua kwa ardhi oevu halikuwa likifikiwa, kwa kuwa miradi mingi ya fidia ama haikukamilika ama haikufanya kazi ya ardhi iliyopotea. Kanuni ya 2008 ilikuja kwa sehemu kubwa kuyajibu mapungufu hayo. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa maeneo 621 ya ardhi oevu yaliyorejeshwa au kuundwa katika nchi mbalimbali. Ulionyesha kwamba hata baada ya miongo mingi, muundo wa viumbe katika maeneo hayo ulikuwa chini kwa asilimia 26 kwa wastani ukilinganishwa na ardhi oevu asilia, na shughuli za kuhifadhi kaboni na virutubisho kwenye udongo zilikuwa chini kwa asilimia 23. Maji hurudi mapema, mimea huchukua miaka, na udongo wenyewe huchukua umri wa mtu. Kwa hiyo uwiano wa moja kwa moja, hekta kwa hekta, ni hasara inayojulikana kabla kazi haijaanza.

Utafiti mwingine, wa J. B. Ruhl na James Salzman, ulifuatilia benki za Florida na kubaini kwamba ardhi oevu ilikuwa ikihama. Ilifukiwa mijini, penye watu wengi na ardhi ghali, ikarejeshwa mashambani, penye watu wachache na ardhi rahisi. Hesabu ya hekta ililingana, lakini familia zilizokuwa zikikingwa na mafuriko hazikuhama pamoja nayo.

Afrika Mashariki ina mfano ulio wazi zaidi wa uzito wa mahali. Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, hupokea majitaka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria katika ghuba ambayo jiji huchota maji yake ya bomba. Uchambuzi wa kiuchumi wa 1999 ulikadiria kwamba kazi hiyo ya kusafisha ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mafunjo ya Nakivubo yakifukiwa na mengine kama hayo yakaoteshwa kilomita 100 kutoka hapo, daftari la fidia litasomeka vizuri huku mtambo wa maji ukipokea uchafu uleule bila chujio. Thamani ya kinamasi hutokana na kukaa kati ya uchafu na mdomo wa mnywaji.

Mwambao wa Tanga, kutoka Jasini mpakani mwa Kenya hadi kusini ya mdomo wa Mto Pangani, ni pahali ambapo maswali haya yameacha kuwa ya vitabuni. Bandari ya Tanga, ambayo kwa muda mrefu ilipakua meli kwa matishari kwa sababu ya kina kifupi, imepanuliwa tangu 2019. Kina kimeongezwa hadi mita 13, na gati mbili zenye urefu wa mita 450 sasa hupokea meli moja kwa moja. Kaskazini ya ghuba, kwenye rasi ya Chongoleani, ndipo linapoishia Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Jiwe lake la msingi liliwekwa hapo Agosti 2017 na Marais John Magufuli na Yoweri Museveni. Kusini ya jiji, Mwambani pamewahi kupangiwa bandari mpya, ndani ya eneo ambalo tangu 2009 ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki wa vilindini. Yote haya yamo kwenye pwani moja fupi yenye hori za mikoko, nyasi bahari na miamba ya matumbawe.

Sheria ya Tanzania inazo ngazi za awali, lakini haina benki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au wa ziwa, na inampa Waziri uwezo wa kutangaza ardhi oevu kuwa ya kulindwa. Tanzania pia imo kwenye Mkataba wa Ramsar tangu 2000. Maeneo yake manne yaliyoorodheshwa ni Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa, na hakuna hata moja lililoko Tanga. Fidia ya bioanuwai huingia nchini kwa mlango mwingine, ule wa wakopeshaji. Kiwango cha Utendaji Namba 6 cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) kinataka mradi usipunguze bioanuwai ya makazi asilia, na pale ambapo makazi ni muhimu mno, uiongeze. Mradi wa bomba la mafuta umejifunga kufuata viwango hivyo. Sharti hilo lina nguvu, ila ni la mkataba kati ya mradi na wenye fedha. Mvuvi wa Chongoleani hawezi kulidai kwa jina la sheria ya nchi yake.

Mikoko yenyewe ina ulinzi wa zamani. Ni hifadhi ya misitu ya serikali tangu enzi za ukoloni, na leo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara wa 1991, ulioandaliwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliigawa misitu hiyo katika kanda nne: ya ulinzi kamili, ya uvunaji, ya maeneo yaliyoharibika yanayopaswa kuachwa yapone, na ya maendeleo. Mgao huo ulitangulia mjadala wa benki kwa miaka mingi, na bado unaweza kuwa ramani yake ya kwanza. Kanda ya tatu inaonyesha krediti zinaweza kuzalishwa wapi, na ya nne inaonyesha zitahitajika wapi.

Hata hivyo ulinzi huo wa kisheria unaleta ugumu ambao Florida, yenye ardhi ya watu binafsi, haikuujua sana. Krediti ni lazima itokane na nyongeza. Kuahidi kutokata msitu ambao sheria tayari inakataza kukatwa si nyongeza, na kumwuzia mwekezaji ahadi hiyo ni kuuza kilichokwisha kulipwa na umma. Kwa hiyo mikoko iliyosimama kwenye ghuba ya Tanga haiwezi kuwa mtaji wa benki. Mtaji ni ile iliyokufa, na juu ya yote mashamba ya chumvi yaliyoachwa.

Shamba la chumvi hutengenezwa nyuma ya mikoko, kwenye jangwa lisilofikiwa na maji ila wakati wa bamvua, na mara nyingi huvamia mstari wa michu, aina mojawapo ya mikoko, ulio mbele yake. Matuta ya udongo huzungushwa, maji ya bahari huingizwa kwa lango bamvua linapojaa, kisha hufungiwa ndani yakaushwe na jua na upepo. Shamba likiachwa, matuta hubaki. Maji hayaingii na kutoka kwa kawaida yake, chumvi hujikusanya kwenye udongo, na mbegu zinazoelea na mkondo hugonga ukuta na kurudi. Mtu akipanda miche elfu ndani ya eneo kama hilo, itakufa yote. Akibomoa tuta mahali panapofaa na kufukua njia ya zamani ya maji, bahari huosha chumvi, mbegu huingia zenyewe, na baada ya miaka michache michu huanza kushika bila mkono wa mtu.

Kanuni ya urejeshaji wa mikoko, basi, ni kurejesha maji kwanza. Maji kupwa na kujaa mwambaoni Tanga hupishana kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na kila mti umechagua kimo chake ndani ya tofauti hiyo. Mlilana husimama mbele kabisa, ukizamishwa kila siku. Nyuma yake huja mkoko wenye mizizi ya kuning’inia, kisha muia, halafu mkandaa kwenye udongo ulioinuka. Mchu ni wa peke yake: huweza kuonekana mbele baharini na tena nyuma kabisa mpakani mwa jangwa, kwa kuwa unaivumilia chumvi kuliko wenzake. Sentimita 20 za kimo zinatosha kuua mche uliopandwa kwa kubahatisha.

Pamoja na hayo, kampeni nyingi za upandaji hupanda mkoko peke yake, kwa sababu mbegu yake ndefu, inayochipua ikiwa bado mtini, ni rahisi kuokota na kuchomeka kwenye tope. Huchomekwa kwenye tope tupu lililo chini mno, penye nafasi na pasipo mgogoro wa ardhi, wakati mwingine juu ya nyasi bahari ambazo zenyewe ni makazi ya samaki. Sri Lanka ilipanda mikoko kati ya hekta 1,000 na 1,200 baada ya tsunami ya 2004, na iliyofaulu ni takriban moja ya tano. Benki inayolipwa kwa idadi ya miche ingekuwa imeshauza krediti zote kabla ya hasara hiyo kuonekana. Kigezo cha kutolea krediti mwambaoni kinapaswa kuwa miti iliyo hai baada ya miaka kadhaa, ya aina zilezile zilizokuwapo, pamoja na kaa, kamba na samaki wachanga wanaorudi kwenye hori.

Yapo pia makazi ambayo hayana krediti yoyote duniani. Tanzania ilijifunza hilo kwenye korongo la Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Maporomoko ya mto huo yalirusha manyunyu bila kukoma na kutengeneza ardhi oevu ndogo ya hekta chache, yenye vyura waliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 na ambao hawajaonekana pengine popote. Bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kuchepusha maji mwishoni mwa miaka ya 1990, mtiririko korongoni ulipungua kwa takriban asilimia 90. Mabomba ya kunyunyizia maji yalitandazwa kuiga manyunyu, na mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama. Porini idadi yao ilianguka ghafla na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka. Tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa korongoni, chini ya manyunyu ya bandia ambayo hayawezi kuzimwa. Kwa ardhi oevu ya namna hii uwiano wa 2 au 10 kwa moja hauna maana. Ngazi ina hatua moja tu: epuka. Mwambao wa Tanga, wenye silikanti kwenye vilindi vyake, hauna budi kutenga mapema maeneo ambayo hakuna krediti itakayokubaliwa.

Swali la kudumu kwa fidia lilijibiwa vibaya Uganda. Ili kujenga bwawa la Bujagali, la megawati 250, serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi kwenye Mto Nile, yatatengwa na hayatajengewa umeme. Bujagali ilianza kazi 2012, maporomoko yake yakazama. Kisha likaja bwawa la Isimba, chini ya Kalagala, na ziwa lake likafunika sehemu ya eneo lililotengwa. Mkataba ulirekebishwa na eneo la fidia likapanuliwa. Fidia ya kwanza ilidumu kwa muda mfupi kuliko mitambo iliyoihalalisha. Hiyo ndiyo sababu zuio kwenye hati ya ardhi, linaloweza kudaiwa mahakamani na mtu yeyote, lina thamani kuliko ahadi ya serikali kwa mkopeshaji.

Krediti za ardhi oevu hazina budi pia kutenganishwa na za kaboni, ambazo zimeshafika pwani hii. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja huuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule za vijiji. Vanga, hatua chache kutoka mpaka wa Tanga, imefuata kwa hekta 460. Tanzania nayo ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022. Kaboni haina ghuba: tani iliyohifadhiwa Gazi ina faida ileile kwa mnunuzi wa Ulaya. Ardhi oevu ina ghuba yake. Hekta moja ya mikoko ikiuzwa kwa mnunuzi wa kaboni kisha ikauzwa tena kwa mwenye bandari kama fidia, dunia imepata nyongeza moja na imeruhusu madhara mawili. Sheria itakayoanzisha benki sharti itamke wazi kwamba hekta huuzwa mara moja.

Benki ya Tanga ikianzishwa, eneo lake la huduma linapaswa kuwa ghuba, au kwa uchache mfululizo wa hori zinazopokea mikondo na samaki walewale. Wanawake wanaotanda uduvi na wavuvi wa mitumbwi wa Chongoleani hawana chombo cha kuwafikisha Rufiji, hata kama delta hiyo ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki na ingetoa krediti nyingi kwa bei nafuu. Hoja hiyohiyo inazihusu kata za ndani za jiji. Nguvumali haina ufukwe, lakini mvua ya masika inayonyesha juu ya mabati yake lazima iende mahali. Mabonde madogo na ardhi chepechepe vinavyopokea maji hayo ni ardhi oevu pia, ingawa havina mikoko wala jina kwenye ramani. Ndivyo hufukiwa kwanza, kiwanja kimoja baada ya kingine, na kila kipande huonekana kidogo mno kudai tathmini. Benki inayofidia bonde la mjini kwa mikoko ya baharini ingekuwa imerudia kosa la Florida ndani ya jiji moja. Kwa hasara kama hizo inahitajika krediti ya aina yake, ya kupokea maji ya mvua, inayozalishwa ndani ya mkondo uleule.

Umiliki nao hauwezi kuachwa bila jibu. Msitu ni wa TFS, lakini wanaoujua na kuulinda usiku ni wanavijiji. Programu ya Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani ya Tanga, iliyofadhiliwa na Ireland na kusaidiwa kitaalamu na Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) kati ya 1994 na 2007, iliunda mipango ya usimamizi wa pamoja ambamo vijiji vilikubaliana na serikali juu ya doria, upandaji na matumizi ya mikoko. Uzoefu huo unaonyesha mahali pa kuanzia: kijiji kinachobomoa tuta na kulinda hori kiwe mbia katika krediti kwa mkataba ulioandikwa, si kibarua wa siku moja. Wenye mashamba ya chumvi nao wanahitaji bei inayolingana na mavuno wanayoyaacha, la sivyo shamba bovu tu ndilo litakaloletwa.

Linabaki suala la ukaguzi. TFS haiwezi kuuza krediti na wakati huohuo kuzithibitisha, na mamlaka ya mazingira inayotoa cheti cha mradi haipaswi kutegemea ada ya krediti kwa bajeti yake. Uthibitisho unaweza kukabidhiwa timu ya pamoja yenye wataalamu wa vyuo vikuu, wa hifadhi za bahari na wa halmashauri. Daftari la krediti, linaloonyesha hekta, mahali, hali ya miti na jina la mradi uliozinunua, linapaswa kubandikwa kwa Kiswahili kwenye ofisi za kata na vijiji vinavyohusika. Dhamana iwekwe benki ya biashara kabla ya fungu la kwanza kutolewa, kwa kiasi kinachotosha kuirudia kazi yote upya. Hori isipofikia vigezo ndani ya muda uliowekwa, dhamana hiyo itwaliwe bila kungoja kesi, na mauzo ya krediti yasimame hadi maji yarudi.